Kwa Zaina, Aliyeifikisha Neptuni Sokoni

Zaina mwanangu,

Amani ikutangulie huko uendako, lakini kwanza ikukute hapa nyumbani ukiwa bado umekaa. Nakuandikia nikiwa karakanani, jua halijashuka, na barua nimeilaza juu ya ubao wa tripleksi wa kabati ambalo mwenye nalo nimemwambia mara nyingi kwamba litaisha kesho. Nakusikia uani. Shangazi yako anakusuka, na wewe unalia kama ulivyokuwa ukilia ukiwa mtoto: "Aï, Tantine, unaniumiza, polepole!" Ningeweza kuinuka nije niseme yote haya kwa mdomo. Ila unajua mdomo wangu ulivyo. Ni mdomo wa fundi seremala: ukiulizwa jambo zito unajibu "tutaona", na ukibanwa sana unajibu "kesho". Sasa kesho yenyewe ndiyo siku ya ndege yako, basi imenibidi nishike kalamu.

Jana tukila, ulisogeza sahani ya bukari pembeni ukasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi tu, "Baba, nitabaandikia kule Afrika ya Kusini baningojee mwaka moya. Batoto ba Jumamosi, miye nikienda, banabaki na nani?"

Mama yako aliacha kutafuna. Mimi nilitazama sahani yangu. Wewe ukadhani nimekasirika, ukaanza kuondoa sahani kabla hatujashiba. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Chuo kimekuandikia wazi kwamba nafasi hii ni ya mwaka huu na haimngojei mtu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyenisomea ile barua yao. Kwa hiyo swali lako la jana si dogo. Ukibaki, umebaki. Hii barua ni jibu langu, nami nataka ulisome kabla hujamwandikia mtu yeyote.

Maagizo ya maisha hutayaona humu. Mama yako ameshayamaliza. Amekuambia kuhusu masweta, kuhusu wanaume, na tena kuhusu masweta. Mimi nitakueleza yangu tu.

Unakumbuka mwaka wa mwezi wangu. Najua unakumbuka, kwa sababu mtaa mzima unakumbuka, na kila Ramadhani ikikaribia kuna mzee mmoja hupita mbele ya karakana akiniuliza kama macho yangu yamepona. Babu yangu alikuja huku kutoka Maniema na mizigo ya wenyewe kichwani, na sifa moja ya kwake: alikuwa wa kwanza kuuona mwezi. Baba yangu akairithi sifa ile, nami nikairithi kama mtu anavyorithi randa. Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani watu wa barabara yetu walikuwa hawatazami mbinguni. Walinitazama mimi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi, ingawa sijawahi kuonja tembo, nililitia maji mengi sana.

Wewe ulikuwa ungali shule ya sekondari. Mchana wa siku ile ulikuja hapa hapa, umeshika daftari lako la jiografia, ukaniambia, "Baba, leo mwezi itatangulia jua kushuka. Hata mutu akuwe na macho ya namna gani, hataiona."

Nikacheka. Nikakuambia, "Weye unazaliwa juzi, utanionyesha mwezi miye?"

Tukapanda kwenye ile ghorofa ya jirani isiyoisha, mimi na wenzangu. Mawingu ya mvua yalikuwa yamejaa, ila upande wa magharibi palibaki uwazi mdogo. Nikatazama. Wote walikuwa nyuma yangu, kimya kabisa, na chini wanawake wameshatoa masufuria. Nawe ujue, Zaina, mimi sikusema uongo. Niliona. Ukingo wa wingu ulishika mwanga, ukapinda, ukawa mwembamba kama unavyotakiwa kuwa, nami nikanyoosha kidole: "Njo ule! Iko pale!" Na kwa kuwa nimenyoosha kidole, wenzangu nao wakauona. "Eh, iko, iko!"

Kesho yake barabara yetu ikala pilau peke yake katika Lubumbashi nzima. Majirani wa barabara nyingine waliokuwa wamefunga walipita wakiziba pua. Jioni ukatoka mwezi wenyewe, mpya kabisa, mwembamba kama uzi, na hata mtoto angejua kwamba ule si mwezi wa siku ya pili. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka ule mkuu ndiye aliyevunjika, tena miguu yote miwili, na watu wa barabara nzima wakailipa siku moja ya funga kwa sababu ya macho yangu.

Nilijifungia humu karakanani nikipiga randa ubao usiohitaji randa. Nilingoja uje kunicheka. Ulikuja, ila na chungwa na tochi. Ukaniambia, "Baba, haukudanganya bantu. Balikuwa banakungojea, kiisha weye ukaona." Ukafunga dirisha, ukaweka tochi juu ya benchi ikawa jua, ukanipa chungwa nilishike mbele yangu kwa mkono ulionyooka, ukaniambia kichwa changu ndicho dunia. Ukaniamuru nizunguke polepole. Nikazunguka. Nikaona lile chungwa linajaa mwanga, linapungua, linabaki ukingo tu, na nilipokaribia kuelekea tochi likawa jeusi lote. Nilikuwa nimeutazama mwezi tangu nilipokuwa napandishwa mabegani kwa baba yangu, na sikuwahi kujiuliza siku ile isiyoonekana unakuwa wapi. Kumbe uko palepale upande wa jua, umetugeuzia mgongo wake mweusi.

Wewe husema masomo yako kwa watoto yalianza kwa wale wa madrasa. Hapana. Mwanafunzi wako wa kwanza ni mimi, na darasa lilikuwa na vumbi la mbao. Naomba uandike hivyo siku watakapokuuliza wakubwa wa huko.

Baada ya hapo ulikuwa huzuiliki. Watoto wa barabara, watoto wa madrasa, kisha ukaenda kwa masista kuomba darasa la Jumamosi, binti wa Kiislamu na kitambaa chake kichwani, na Sista mkuu wa shule akakupa ufunguo kabla hujamaliza sentensi. Ukawachanganya wote pamoja. Ukawafundisha kutoboa katoni na kulitazama jua kwenye karatasi bila kuharibu macho. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba binti yangu anasoma nyota, na mama mmoja akaja kwa siri kuuliza nyota ya mumewe imeelekea wapi. Ukamjibu kwa adabu kwamba hiyo umuulize mumeo mwenyewe, Mama, mimi nafundisha zile zinazoonekana na watu wote. Nilicheka mpaka nikajikata kidole na patasi.

Na siku ya Neptuni! Hiyo nimeisimulia kwa wauza mbao mpaka wananipunguzia bei ninyamaze. Uliweka mpira golini ukasema hili ni jua. Dunia ikawa punje ya ulezi, na aliyeibeba hakufika hata langoni. Zohali ikatoka nje ya shule ikavuka barabara. Neptuni ilikuwa punje ya mahindi, ukampa Kabange, yule mrefu asiyetulia, ukamwambia aende mpaka mwenzake wa mwisho ampungie mkono. Kabange akaenda, akaenda, akatokea sokoni, mbele ya meza ya nyanya ya mama yake mzazi.

"Kabange! Unafanya nini huku, saa ya masomo?"

"Mama, miye niko Neptune."

"Neptune? Ngoja ufike ku nyumba, utaiona hiyo Neptune yako!"

Ulikimbia kumwokoa. Mimi nilikuwa nyuma yako na yule mwenye kubeba Zohali, nimeacha kazi ya mtu, kwa sababu nilitaka kuona. Ukamweleza yule mama kwa heshima, ukamwonyesha upande wa shule. Akauliza jua liko wapi. Ukamwambia ni ule mpira golini. Hata shule yenyewe haikuonekana kutoka pale, ilikuwa paa tu kati ya mapaa. Yule mama akashika ile punje ya mahindi kiganjani, akatazama kule, akasema polepole, "Ah. Njo mbali vile?" Kisha akamwambia mwanawe asimame vizuri, asiipoteze Neptune ya watu. Nilisimama kati ya mafungu ya nyanya na macho yamenijaa machozi, nikasingizia kitunguu. Mimi nimetengeneza milango ya watu wakubwa wa mji huu, vitanda vya harusi, hata mimbari. Hakuna siku niliyojiona baba kama siku ile.

Sasa nikuambie kosa ambalo hukulisema, nami nikaliona. Darubini yako ya masomo ya Jumamosi ilipofika haina miguu, nilikukataza kununua stendi. Nikatengeneza stendi ya mbao nzuri nilizokuwa nimezificha, nikaipiga msasa, nikaipaka vanishi mara tatu, ikang'aa kama sanduku la bibi harusi. Nikaipima kwa jicho langu mwenyewe, nimesimama. Jumamosi ikafika, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefikia pa kutazamia. Wewe hukusema kitu. Uliokota matofali, ukawapandisha mmoja mmoja, ukawashika kiunoni jioni nzima mpaka mgongo ukakukaza. Na ile vanishi yangu ya fahari ikafanya darubini iteleze kila upepo ukipita, mwezi ukawa unakimbia kabla mtoto hajafumba jicho moja.

Niliikata miguu Jumapili. Ilinichoma, Zaina, kuukata ubao ule. Nikakwangua vanishi pale panapozunguka, nikabandika vipande vya zulia la zamani. Sasa ni stendi mbaya, fupi, kila anayeiona hunihurumia, na kila mtoto wa miaka saba anafika. Tangu siku ile, mteja akija kuagiza kiti, namuuliza kwanza nani atakikalia. Maisha yote nilikuwa naviunda vitu virefu ili nisifiwe mimi.

Lakini jambo lililonibadilisha zaidi lilitokea kule kijijini Lukafu, ulipokwenda kufundisha. Tulipanda na lori la mjomba wako, darubini imefungwa ndani ya godoro. Shule ile haina milango, watoto wamejaa hadi madirishani, na mwalimu mkuu amevaa tai kwa heshima yako. Ukaeleza vizuri. Kisha msichana mmoja, magoti yamejaa vumbi la shamba, akasimama akauliza, "Dada Zaina, juu ya nini mwezi ikitoka kule chini inakuwa mukubwa, kiisha ikipanda inapunguka?"

Mimi nilikuwa nimekaa kando. Mwalimu mkuu alikutazama. Watoto wote walikutazama. Nilikijua kimya kile. Kilikuwa cha ghorofa ya jirani, kabisa, wote wananingoja nyuma yangu. Nikasema moyoni, sasa atanyoosha kidole popote.

Wewe ukasema, "Shiyue vizuri. Tutafute pamoya."

Mwalimu mkuu akashtuka, nami nikashtuka kuliko yeye. Katika maisha yangu sijawahi kumsikia mtu aliyesimama mbele za watu akisema neno hilo la sijui kwa hiari. Baba yangu hakulisema. Mafundi hatulisemi, tunasema "tutaona". Nilidhani watoto watakucheka. Badala yake wakasogea. Wale wa madirishani wakaingia ndani. Ukawaambia kila mmoja achukue punje ya mahindi, mwezi ukitoka ainyooshe mbele yake na kuufunika, kisha aufunike tena ukiwa juu. Na tuliporudi mjini ukapata maelezo, ukayaandika na kuyapeleka kwa dereva wa lori la makaa, akayafikisha: kwamba punje moja inaufunika mwezi kule chini na kule juu, mwezi haubadiliki, ni macho yetu yanayodanganyika, na kwa nini yanadanganyika hata wataalamu wakubwa bado wanabishana. Mwalimu mkuu alimtuma dereva arudi na maboga mawili. Mama yako aliyapika. Mezani nilisifu, wewe ukadhani nayasifu yale maboga.

Sitakudanganya kwamba nilijifunza palepale. Mtu wa umri wangu hubadilika polepole, kama mbao ya mninga inavyokauka. Ila nilianza kuwaza kwamba labda siku ile ya mawingu ningeweza kugeuka tu na kusema, "Jamani, sikuona." Ni maneno mawili. Nilikuwa nayo mdomoni. Niliogopa kwamba watu wakishayasikia hawatakuwa na haja nami tena.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo jibu la swali lako la jana.

Jumamosi iliyopita ulikuwa umekwenda kushughulikia karatasi za safari. Uliwaambia watoto kwamba hakuna somo. Hawakusikia, au walisikia wakaja hivyo hivyo. Sista akanipigia simu: "Baba Zaina, batoto beko hapa, banaikala tu, banangojea. Nibaambie nini?" Nilitaka kumjibu awaambie warudi kwao. Nikashangaa nimevua aproni.

Sikukuambia, kwa kuwa niliona haya. Nilikwenda na mfuko wa machungwa, tochi, na ile stendi fupi. Waliponiona mimi na ndevu zangu, baadhi ya watoto wakubwa waliondoka palepale, na sikuwalaumu. Waliobaki niliwafungia madirisha. Nikawaambia vichwa vyao ndivyo dunia. Walizunguka na machungwa yao, wengine wakagongana, mmoja akala mwezi wake kabla haujajaa. Kelele ilikuwa kubwa mno. Sista alichungulia mara moja, akafunga mlango akicheka.

Kisha Ngoie, yule mdogo anayekaa mbele daima, akainua mkono.

"Baba Zaina, mwezi nayo iko na mwezi yake?"

Zaina, sikujua. Wote wakanitazama, na ule ugonjwa wa zamani ukanirudia, kidole changu kikawa karibu kunyooka. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema hapana. Wangeniamini, watoto wanaamini ndevu.

Nikasema, "Shiyue."

Ngoie akanitazama kama mtu anayepima ubao. Halafu akasema, "Alors, basi tutafute," akageuka kwa wenzake, wakaanza kubishana kwa sauti ya juu jinsi ya kutafuta, na hakuna aliyekumbuka kwamba mimi nipo. Nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kidevuni, nikawa na furaha ambayo sijui niiiteje. Waliuliza unarudi lini. Nikawajibu ukweli: akimaliza. Mmoja alilia kidogo. Kisha wakauliza Jumamosi ijayo ni saa ngapi.

Kwa hiyo usinibebee watoto wale kama mzigo wa kukuzuia. Sitawafundisha kama wewe. Nitakosea, Sista atanirekebisha, Kabange ataniongopea. Baadhi hawatarudi. Lakini mlango wa Jumamosi utafunguliwa, nami ndiye nitakayekuwa na ufunguo, kwa sababu uliwafundisha jambo ambalo halihitaji uwepo wako. Nilikulea nikidhani ninakupa macho ya babu yangu. Wewe ndiye uliyenipa yangu.

Nitakuhuzunikia sana. Nyumba itakuwa kubwa, na mama yako atanigeuzia mimi maneno yote ya masweta. Nikipita mbele ya chumba chako nitakohoa kama kawaida yangu, kisha nitakumbuka. Sitajifanya kwamba ni rahisi. Ila najivunia mpaka natembea vibaya, na binti asiyepanda ndege kesho kwa ajili yangu au kwa ajili ya watoto wale atakuwa ameninyima fahari niliyoifanyia kazi kuliko kabati lolote.

Mungu akufungulie njia, akupe walimu wasioona haya na marafiki wenye kelele. Sasa Shangazi ananiita nije nione nywele zako, nami nitakuja nitasema tu ni nzuri, na wewe utajua kwa nini.

Panda ndege, mwanangu. Na lile swali la Ngoie, najua jibu unalo, umeshalijua tangu ulipolisoma hapo juu. Usiniambie, wala usilitume. Bado tunatafuta.

Baba yako